Kumbukumbu ya GPU: tugawe kwa mikono au tuiachie draiva?

Mwana_Mtwara
Wakuu, salaam. Kozi nyingi za kuprogramu GPU (kadi ya picha inayofanya hesabu nyingi sambamba) kwa CUDA, mfumo wa NVIDIA, bado zinaanza hivi: cudaMalloc ya kuomba nafasi kwenye kadi, cudaMemcpy ya kupeleka data, kerneli (programu inayoendeshwa na GPU), cudaMemcpy ya kurudisha data, cudaFree ya kuachia nafasi. Mwanafunzi anachoka kabla hajaona hesabu moja ikienda sambamba. Wakati huo cudaMallocManaged ipo tangu CUDA 6, mwaka 2014. Unaomba kumbukumbu mara moja, anwani ni ileile kwa CPU na GPU, kuhamisha data ni kazi ya draiva, programu inayoisimamia kadi. Kwa nini tusianzie hapo? Anayeng'ang'ania kugawa kila baiti kwa mikono leo anataka tu aonekane fundi. Na kumbukumbu isipotosha, nunua kadi kubwa zaidi.

Fundi_Kerneli
Aonekane fundi? Kijana, hiyo 2014 unayoitaja, data yote ilisombwa kwenda kwenye kadi kabla kerneli haijaanza, na ikizidi ukubwa wa kadi basi, hakuna kazi. Kuhamisha kurasa (vipande vya kumbukumbu) pale zinapoguswa kumekuja na kizazi cha kadi za Pascal, 2016.

Hata hiyo ina bei yake. Kerneli ikigusa ukurasa ambao haupo kwenye kadi, nyuzi zake (kazi ndogo zinazoenda sambamba) zinasubiri mpaka draiva ipate habari na ukurasa uvutwe kupitia PCIe, njia inayounganisha kadi na kompyuta. Kadi ya RTX 3060 ya GB 12 inasoma kumbukumbu yake kwa GB 360 kwa sekunde. PCIe 4.0 yenye njia 16 inapitisha kama GB 32. Ndiyo maana wakaleta cudaMemPrefetchAsync na cudaMemAdvise, uiambie draiva ihamishe nini na lini. Hiyo si mikono ni nini?

Mwana_Mtwara
Mkuu, umri wangu huujui, na hoja hujibiwa kwa hoja. Nilisema ipo tangu 2014, sikusema ilikamilika 2014. Soma vizuri kabla ya kupanda juu.

Fundi_Kerneli
Nimesoma vizuri. Wewe ndiye uliyeanza na "aonekane fundi".

Binti_Chatu
Mnagombania kitu ambacho wengi wetu hatukishiki kabisa. Mimi naandika PyTorch, maktaba ya Python ya kufunza modeli, cudaMalloc sijawahi kuiita, na modeli zangu zinafunzwa.

Fundi_Kerneli
Nyinyi wa Python ndio mnaojaza majukwaa kila wiki kulia kwamba kumbukumbu imeisha, wakati hamjui hata inakaa wapi.

Binti_Chatu
Mkuu Fundi, hapo umekosa adabu, na nitakujibu.

Inakaa kwenye hodhi ambalo PyTorch yenyewe inalishikilia. Tensa (safu ya namba) ikifutwa, hairudishi ile nafasi kwa draiva, inaiweka akiba kwa ombi linalofuata. Sababu ni kwamba cudaFree inalazimisha kadi isubiri kazi iliyo mbele yake, na ukiiita katika kila hatua ya mafunzo mwendo wote unakufa. Kwa hiyo mtu akifungua nvidia-smi, zana ya kuonyesha matumizi ya kadi, akakuta GB 10 "zimetumika", sehemu yake inaweza kuwa akiba tupu. Akiita empty_cache, akiba hiyo inarudi kwa draiva, ila kosa linabaki palepale kama kilichojaa ni tensa zilizo hai. Na kosa linaweza kutokea hata nafasi ikiwepo, maana imekatikakatika: jumla GB 2, ila hakuna kipande kimoja kinachotosha ombi. Kwa hilo ipo expandable_segments, weka True kwenye mipangilio ya mgawaji wa kumbukumbu wa PyTorch.

Hayo yote nimeyajifunza kwa Python. Usitutukane kwa lugha tunayoandikia.

Ngosha_96
Dada umenyoosha. Mimi lakini bado nimekwama kwenye "nunua kadi kubwa zaidi". Ninunue kwa pesa gani, kwa maneno? 2023 NVIDIA walitoa RTX 4060 Ti mbili, ya GB 8 dola 399 na ya GB 16 dola 499. Dola mia nzima kwa GB 8! Hapo hujaisafirisha, hujalipa ushuru, na muuzaji wa mjini hajaweka chake. Mtu akiniambia hivyo kirahisi namwona hajui tunavyoishi.

Otieno_254
Hizo za GB 8 ni dharau. GTX 1070 ya 2016 ilikuwa na GB 8, halafu 2023 wanatuletea nane zilezile. Na si mara ya kwanza. Ile GTX 980 walisema ni GB 4, kumbe nusu GB ilikuwa polepole. Watu walienda kortini wakalipwa.

Ngosha_96
Ni 970, ndugu yangu. GB 3.5 za kasi na 0.5 ya kukokota. Fidia ilikuwa dola 30 kwa kadi, Marekani tu. Wa huku waliozinunua walibaki na kadi zao.

Mgosi_Tanga
Jamani, kadi hizo ni za magemu. GB 8 inatosha magemu mengi. Nyinyi mnataka kufunzia modeli kwenye kifaa cha michezo halafu mnamlaumu aliyetengeneza.

Otieno_254
Mgosi, mwanafunzi wa huku atafunzia kwenye nini? Kadi ya H100 ya GB 80, ile ya vituo vya data? Anayo hiyo ya magemu au Colab ya bure, kompyuta ya mtandaoni ya Google, akibahatika kupewa kadi ya T4. Usiseme kana kwamba alichagua.

Mgosi_Tanga
Sijamtukana mwanafunzi. Mnapenda kuwekea watu maneno mdomoni.

Mwana_Mtwara
Mada ilikuwa kufundisha, si bei za kadi.

Ngosha_96
Wewe ndiye uliyeleta bei.

Binti_Chatu
Turudi. Kumbukumbu ikiwa ndogo ndipo ugawaji unapookoa. Tazameni vLLM ya Berkeley, programu ya kuendeshea modeli za lugha, 2023. Seva za modeli za lugha zilikuwa zinatengea kila ombi nafasi moja ndefu ya funguo na thamani (kumbukumbu ya maneno ambayo modeli imekwisha kuyapitia), ya urefu wa juu kabisa, hata jibu likiwa maneno kumi. Asilimia 60 hadi 80 ya nafasi hiyo ilipotea. Wao wakaikata katika vipande vidogo vya ukubwa sawa na jedwali la kuonyesha kipi kiko wapi, upotevu ukashuka chini ya asilimia 4. Kadi ileile inahudumia watu wengi zaidi.

Fundi_Kerneli
Hilo ni kurasa za kumbukumbu pepe, jambo la tangu kompyuta ya Atlas ya Manchester, 1962. Waliweza kwa sababu walijua misingi. Ndicho ninachopigania.

Binti_Chatu
Hakuna aliyesema wasiijue. Tunasema wasianzie hapo.

Fundi_Kerneli
Basi waanze na cudaMallocManaged, ila wiki ya pili wapewe kipima mwendo waone kurasa zinavyohama. Asiyeona huo mwendo hatajua kwa nini msimbo wake ni mzito kuliko wa CPU.

Mwana_Mtwara
Wiki ya tatu.

Ngosha_96
Mimi nina hiyo 4060 Ti ya GB 8, niko Windows. Kurasa zitahama?

Fundi_Kerneli
Kwenye Windows hazihami zinapoguswa. Weka Linux. Na 4060 Ti inatumia njia 8 tu za PCIe, kwa hiyo usitegemee kumwagia data isiyoenea kwenye RAM ya kompyuta. Punguza kundi la sampuli unazolisha kwa mara moja, limbikiza gradienti (mwelekeo wa kurekebisha modeli) hatua kadhaa ndipo usasishe vizito, yaani namba za modeli. Ikigoma bado, leta modeli hapa tuone.