Kikundi cha Ukoo: Shangazi Salma na Theosofia

Neema: Shikamooni wakubwa wote. Shangazi, rafiki yangu ameniambia kile chama chenu cha Theosofia kilitimiza miaka 150 mwaka 2025. Wewe umo humo tangu sijazaliwa, na hatujawahi kukaa tukayazungumza. Leo tuzungumze basi.

Shangazi Salma: Marahaba mwanangu. Ni kweli. Kilianzishwa New York tarehe 17 Novemba 1875. Waasisi wanaotajwa zaidi ni Helena Blavatsky, mama wa Kirusi, na Henry Olcott na William Judge, wote wawili wanasheria. Makao makuu yako Adyar, Chennai, India, tangu 1882. Uliza unachotaka, leo nina nafasi.

Yusufu: Shikamoo shangazi. Mimi nina swali la siku nyingi, na nauliza kwa heshima zote. Hiyo ni dini?

Shangazi Salma: Marahaba Yusufu. Si dini. Hakuna shahada ya kutamka, hakuna ubatizo, hakuna kiongozi wa kumsujudia. Nilipoingia niliulizwa jambo moja la msingi: unakubaliana na malengo matatu? La kwanza ni udugu wa wanadamu wote bila kubaguana kwa asili, imani, jinsia, tabaka wala rangi. La pili ni kusoma dini, falsafa na sayansi kwa kuzilinganisha. La tatu ni kuchunguza sheria za maumbile ambazo hazijaelezeka na nguvu zilizolala ndani ya mtu. Nikasema nakubali. Basi.

Yusufu: Hilo la tatu ndilo linanitia wasiwasi. Nguvu zilizolala. Watu wanasema mnaita mizimu na kupiga ramli.

Baba Mkubwa Idi: Hilo niachieni mimi. Nilikuwa mwanachama miaka mingi kabla sijajitoa, na nilijitoa kwa sababu nyingine kabisa, kwa hiyo sina wa kumtetea hapa. Yusufu, ramli sikuiona hata siku moja. Ukiingia kwenye loji, yaani tawi, unakuta viti vimepangwa duara. Mtu anasoma aya ya kitabu, watu wanaijadili. Saa nzima mnaweza kuishia aya mbili. Kisha mnakaa kimya kidogo, mnaagana. Waliokuja kutafuta miujiza niliwaona wakija na nikawaona wakiondoka. Hawakupata walichokitaka.

Mama Mdogo Grace: Mimi wifi aliwahi kunichukua. Watu wastaarabu sana, walinipokea vizuri. Lakini sikuona pa kushika. Nimezoea kuimba, nimezoea mtu asimame mbele atuambie neno. Pale kila mtu anauliza na hakuna anayefunga mjadala. Nikajua si mahali pangu, na wifi hakunisumbua tena.

Shangazi Salma: Ni kweli Grace, hakuna anayefunga mjadala. Wengi wanaondokea hapo hapo. Mimi ndipo nilipobakia.

Neema: Kwa nini shangazi? Mtu si anataka majibu?

Shangazi Salma: Nitajibu kirefu kidogo, mnivumilie.

Mimi nimelelewa kwenye Uislamu na mnanijua, swala tano nasali mpaka leo. Nilipoingia loji nilidhani nitasoma mambo ya India, karma na mtu kuzaliwa tena. Nikayasoma. Lakini jioni moja tulikuwa tunasoma kuhusu umoja wa viumbe vyote, mzee mmoja wa Kihindu akanigeukia akaniuliza: “Kwenu Ibn Arabi anasemaje juu ya hili?” Sikuwa na la kumjibu. Nilikuwa nimelisikia jina tu, kwamba ni mwanazuoni wa Kisufi wa zamani. Ikabidi nikatafute, nikasoma, kutoka kwake nikafika kwa Rumi, mshairi wa Kisufi. Lango la hazina ya nyumbani kwangu nimefunguliwa na mtu wa dini nyingine.

Na si mimi peke yangu. Gandhi ameeleza mwenyewe kwamba alipokuwa mwanafunzi London, 1889, wanatheosofia wawili walimwomba asome nao Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu. Naye alikuwa hajawahi kuisoma! Kijana wa Kihindu, anaanza kuisoma Gita Uingereza kwa kualikwa na Waingereza. Kila nikikumbuka habari hiyo namkumbuka yule mzee wetu.

Tausi: Shikamoo shangazi, shikamooni wote. Nimechelewa kuingia, nilikuwa kazini. Na mimi niseme?

Shangazi Salma: Marahaba. Sema mwanangu, wewe ndiye wa zama hizi.

Neema: Kumbe na dada Tausi yumo!

Tausi: Nimo, ila kwa njia tofauti na shangazi. Huku niliko hakuna loji. Kuanzisha tawi mnatakiwa muwe watu saba, na mimi niko peke yangu. Kwa hiyo nasoma na kikundi cha intaneti. Kuna mtu wa Brazil, wa Finland, wa New Zealand. Mmoja anaamka alfajiri, mwingine anachelewa kulala, na mimi naingia wakati wa mapumziko ya kazi nikiwa na vipokea sauti masikioni.

Jambo lililonishika ni hili. Nilikaa nao muda mrefu kabla mtu yeyote hajaniuliza dini yangu ni ipi, nafanya kazi gani, natoka wapi. Walikuwa wananiuliza: umeielewaje aya hii? Mhamiaji anayesoma hapa atanielewa. Kila mlango ninaogonga huku swali la kwanza ni karatasi zangu. Pale swali la kwanza lilikuwa mawazo yangu.

Yusufu: Hilo nimelielewa dada. Lakini nikuulize wewe maana najua husemi kwa kuzunguka. Nimewahi kusoma kwamba vitabu vya huyo Blavatsky vina mambo ya ajabu kuhusu jamii za watu, nani yuko juu na nani chini. Wewe mtu mweusi unakaaje na hayo?

Tausi: Yamo. Kitabu chake kikubwa cha 1888, The Secret Doctrine, kina mafundisho ya jamii zinazofuatana katika historia ya wanadamu, na kuna sentensi humo kuhusu baadhi ya watu ambazo zinaumiza. Siku tuliyofika kwenye ukurasa wa namna hiyo nilizima kamera. Kisha nikaiwasha, nikasema: hapa sikubaliani, hili ni kosa, na linapingana na lengo la kwanza la chama chenyewe. Nilitegemea waanze kunieleza kwamba sijaelewa vizuri. Mmoja alianza hivyo kweli. Mwenyekiti akamwomba asubiri, akasema nimalize.

Neema: Wakafanyaje?

Tausi: Tulijadili jioni yote. Wawili walikuwa upande wangu moja kwa moja, wengine walitaka kumtetea mwandishi kwa zama zake. Hatukufikia uamuzi. Ila hakuna aliyesema huwezi kuwa mwanachama kama hukubali, na wiki iliyofuata mimi ndiye niliyepewa kuongoza usomaji.

Shangazi Salma: Na hiyo si hisani waliyomfanyia. Ni haki yake. Baraza Kuu la chama lilipitisha azimio mwaka 1924 kwamba hakuna fundisho wala maoni, hata yawe ya nani, yanayomfunga mwanachama. Ni pamoja na ya Blavatsky mwenyewe. Mimi nawaambia wanaoingia: someni azimio hilo kabla ya kitabu chochote.

Yusufu: Azimio ni karatasi, shangazi. Vyama vyote vina karatasi nzuri.

Baba Mkubwa Idi: Yusufu ana haki ya kusema hivyo, na mimi ni shahidi wake kwa upande fulani. Nilijitoa kwa sababu ya ugomvi. Loji yangu iligawanyika kwa sababu ya jengo na fedha za pango, watu waliosoma pamoja miaka na miaka wakaacha kusalimiana. Ilinikata sana. Niliweza kumpenda Mfini nisiyemjua, nikashindwa kukaa chumba kimoja na mtu niliyemkopesha vitabu.

Hata chama chenyewe kina historia hiyo. 1895 Judge na sehemu kubwa ya Wamarekani walijitenga na Adyar. 1909 likazaliwa kundi jingine Los Angeles, United Lodge of Theosophists. Mpaka leo ziko jumuiya kadhaa, kila moja ina njia yake, wote wanasoma vitabu vile vile. Na kabla ya hapo, 1885, chama cha Uingereza cha kuchunguza mambo ya miujiza kilitoa ripoti iliyomwita Blavatsky tapeli. Karibu miaka mia moja baadaye, 1986, jarida la chama hicho hicho cha wachunguzi likachapisha makala ya mtaalamu wa nyaraka, Vernon Harrison, aliyeikosoa vikali ripoti ile. Kwa hiyo anayetaka kuingia aingie akijua. Si nyumba ya malaika.

Shangazi Salma: Ni kweli tupu kaka. Lakini umalizie na habari ya Krishnamurti, maana wewe ndiye uliyenisimulia.

Baba Mkubwa Idi: Hiyo ndiyo inayonifanya niendelee kuvisoma vitabu vyao ingawa si mwanachama tena.

Krishnamurti, mtoto wa Kihindi, alichukuliwa pale Adyar, 1909. Viongozi wakaamini ndiye atakayekuwa chombo cha Mwalimu wa Ulimwengu, yaani mwalimu mkuu wa kiroho waliyemngoja aje. 1911 akaundiwa jumuiya nzima, Annie Besant ambaye alikuwa rais wa chama akamlea kama mwanawe. Maelfu ya watu duniani walikuwa wanamsubiri aseme. Tarehe 3 Agosti 1929, kambini Ommen, Uholanzi, akasimama mbele ya wafuasi wake, Besant akiwapo, akaivunja jumuiya ile. Akawaambia kwamba ukweli hauna njia iliyochongwa, hautaki kundi, na yeye hataki wafuasi. Mali walizochangiwa zikarudishwa.

Fikiria ungekuwa mmoja wao. Umetoa miaka yako, umetoa mali, umengoja. Wengi walivunjika moyo. Na Besant, mwanamke aliyempigania mtoto huyo hadi mahakamani, hakumlaani. Walibaki wanapendana mpaka Besant alipofariki 1933. Krishnamurti alikaa mbali na Adyar karibu miaka hamsini, na 1980 rais mpya, Radha Burnier, akamkaribisha, akaenda.

Yusufu: Habari hii sikuijua. Hiyo ni nzito.

Neema: Shangazi, wewe Adyar ulifika?

Shangazi Salma: Nilifika kwenye mkutano mkuu, huwa mwisho wa Desemba. Ni eneo kubwa lenye miti, karibu na bahari, ndani hamna nyama wala pombe. Kuna hekalu la Kihindu, la Kibudha, kanisa, na msikiti mdogo. Niliswali humo.

Asubuhi mkutano unafunguliwa kwa sala za dini mbalimbali, moja baada ya nyingine, kila watu wanasoma ya kwao na wengine wote wananyamaza. Ilipofika zamu ya Waislamu tulikuwa wachache. Tukasoma Fatiha. Nimeisoma maisha yangu yote, lakini sijawahi kuisoma mbele ya Mhindu, Mkristo, Mparsi na mtu asiye na dini, wote wamesimama kwa adabu wanasikiliza. Mwili ulinisisimka. Nikasikia kila neno kama nimefundishwa jana.

Mama Mdogo Grace: Wifi hilo hukuwahi kuniambia. Hapo ningekaa.

Shangazi Salma: Ungesoma Baba Yetu, Grace. Wangekusimamia vile vile.

Neema: Na ule mti mkubwa kwenye picha yako?

Shangazi Salma: Mbanyani wa Adyar. Ni wa mamia ya miaka. Shina lake la asili liliangushwa na upepo 1989. Mizizi inayoshuka kutoka matawini ilikuwa imeshakuwa mashina, mti ukaendelea. Hotuba nyingi zimetolewa chini yake.

Yusufu: Shangazi, wakati mnaongea nimefungua kitabu kimoja cha Blavatsky kwenye simu, kile cha maswali na majibu cha 1889. Anaulizwa kama wanasali. Anajibu hawasali, wao wanatenda badala ya kusema. Halafu anamkataa Mungu wa kuombwa kama mtu anavyoombwa. Sasa wewe unayesali mara tano, hapa unasimama wapi?

Tausi: Umefika penyewe.

Shangazi Salma: The Key to Theosophy. Umefungua mahali pagumu, na sitakwepa. Hapo Blavatsky na mimi hatuko pamoja. Anapoikemea sala ya mtu anayemwomba Mungu amwangamize adui yake, niko naye. Anapotaka tutende, niko naye, maana swala isiyokuzuia na ubaya ina kasoro hata kwetu. Lakini anaposema hakuna wa kumwita, mimi namwita kila siku na sijaona sababu ya kuacha. Nimelisema hilo mbele ya loji zaidi ya mara moja. Kuna wanaoniona bado niko nyuma. Kuna mwenzetu mmoja asiyeamini Mungu kabisa ambaye jua likikaribia kuzama hunikumbusha kwamba Magharibi imekaribia, ananiwekea mlango wa chumba cha pembeni wazi.

Yusufu: Kaulimbiu yenu inasema hakuna dini iliyo juu kuliko ukweli. Mimi kwangu dini ndiyo ukweli wenyewe. Hapo hatutakubaliana.

Shangazi Salma: Tusikubaliane mwanangu. Sijawahi kukutaka uingie, na leo sikutaki. Nimefurahi umeuliza mbele ya wote badala ya kulibeba moyoni.

Baba Mkubwa Idi: Hata mimi nimefurahi.

Neema: Mimi naomba nihudhurie nisikilize tu. Inaruhusiwa bila kujiunga?

Tausi: Inaruhusiwa. Kikundi chetu cha intaneti kinapokea wageni, hakuna malipo ya kusikiliza. Ada ni kwa wanachama. Na tunasoma kitabu hicho hicho alichofungua Yusufu, bado tuko mwanzoni.

Yusufu: Mtafika lini kwenye sura ya sala?

Tausi: Kwa mwendo wetu, miezi miwili, labda mitatu. Naweza kuomba tuiruke mbele tuisome mapema.

Yusufu: Omba. Nitakuja siku hiyo, na nitasema ninachofikiri.

Tausi: Nitawaambia uisome wewe hiyo sura. Nakutumia kiungo pembeni. Neema na wewe nakutumia.

Neema: Asante dada. Shangazi, utakuwepo?

Shangazi Salma: Nitakuwepo inshallah. Tausi nitumie na mimi saa zenu, msiniweke usiku wa manane.