Naomba ushauri: niendelee kufundisha au nikasome ufundi VETA?
Wakuu habari zenu, nina miaka 25, digrii ya ualimu wa historia na kiswahili, kwenye Ajira Portal (mfumo wa kuomba kazi za serikali) naomba kila nafasi zikitoka ila sisi wa masomo ya arts tupo wengi balaa. Saivi nafundisha shule moja ya private kwa laki tatu na nusu, bodi ya mkopo inakata 15% afu mshahara wenyewe unachelewa. Bado naishi kwa mjomba Mbagala, nataka chumba changu ila madalali wanataka kodi ya miezi sita (sijui wanadhani tunaiokota wapi). Nawaza nikasome umeme wa magari VETA Chang'ombe, mama hataki hata kusikia. Niache kazi kabisa au nitafute kozi ya jioni? Waliopita hii njia nijuzeni.