Kulima saladi na mboga chumbani kwa haidroponiki (kilimo cha maji bila udongo): je, inalipa Dar es Salaam?

Mkazi wa Ghorofani (Dar es Salaam)

Habari za majukumu, ndugu zangu. Ninaishi Sinza, ghorofa ya tatu, na nina chumba cha stoo chenye ukubwa wa mita tatu kwa tatu ambacho hakina dirisha la maana. Ninakusudia kuweka humo rafu mbili za chuma, kila moja ikiwa na ngazi nne zenye urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 60, kisha nipande saladi, mchicha, mrehani na sukuma wiki katika mabomba yanayopitisha maji ya virutubisho, chini ya taa za LED. Soko langu ni migahawa miwili ya jirani, ambayo saladi yao hutoka Lushoto na hufika ikiwa imeshachoka. Muuzaji wa vifaa ananihakikishia kwamba mtaji utarudi baada ya miezi michache tu, na ndiyo maana naona heri niulize kabla sijatoa fedha. Bili ya umeme itakuwaje? Je, maji ya kisima yanafaa? Na katika mazao hayo, ni lipi la kuanza nalo?

Fundi Taa (Morogoro)

Mkuu, tuanze na umeme, kwa kuwa hapo ndipo hesabu nyingi za wauzaji hukaa kimya. Rafu zako mbili zina eneo la kupandia la karibu mita za mraba sita. Ili saladi ifunge majani vizuri badala ya kurefuka na kulegea, taa nzuri ya LED itatumia takriban wati 100 kwa kila mita ya mraba, ikiwaka kwa saa 16 kila siku. Hiyo ni uniti 1.6 kwa siku kwa kila mita, au karibu uniti 48 kwa mwezi. Kwa eneo lako lote unazungumzia uniti 280 hivi, na kwa bei ya shilingi 356 kwa uniti, kodi ikiwamo, utaingiza kwenye LUKU karibu shilingi laki moja kila mwezi kwa ajili ya taa peke yake. Kama sasa uko kwenye daraja la matumizi madogo ya nyumbani, lile lisilozidi uniti 75 kwa mwezi, jiandae kutoka humo.

Upande wa mavuno, mtu mwenye mkono mzuri hupata kilo tatu hadi nne za saladi kwa mita ya mraba kwa mwezi. Gawanya mwenyewe: kila kilo itakuwa imekula umeme wa shilingi 4,300 hadi 5,700 hivi kabla hujanunua mbegu, virutubisho wala vifungashio. Migahawa inaweza kukubali bei hiyo kwa saladi safi iliyovunwa asubuhi ileile. Kwa mchicha sahau kabisa, kwa sababu hakuna Mdaraslamu atakayenunua fungu la mchicha kwa bei ya kuku.

Liko pia jambo la joto. Umeme wote unaoingia kwenye taa huishia kuwa joto ndani ya chumba, na wati 600 katika stoo isiyo na dirisha zitakulazimisha kufunga kiyoyozi, ambacho nacho kina bili yake.

Bi Shamba (Nairobi)

Nakubaliana na Fundi Taa, na ningependa kuongeza habari ya maji, kwa kuwa mimea hii hufa kuanzia mizizini. Maji ya nyuzi 20 hubeba oksijeni ya miligramu 9 hivi kwa lita, lakini yakifika nyuzi 30 hubaki na miligramu 7.5. Wakati huohuo mizizi iliyo kwenye joto huhitaji oksijeni zaidi, na vimelea vya Pythium vinavyoozesha mizizi hufurahia hali hiyo. Utaona mmea unanyauka saa sita mchana ilhali umesimama ndani ya maji. Ukiuinua, mizizi iliyokuwa myeupe imekuwa ya kahawia, inateleza, na ngozi yake inavuka ukiivuta kwa vidole. Hapa Nairobi baridi ya usiku hutusaidia sana. Dar es Salaam itakubidi uwe na pampu ya hewa, kama zile za matangi ya samaki, na tangi lisilopata joto la taa.

Kuhusu kisima, nunua mita ya EC (kipimo cha chumvi na virutubisho vilivyoyeyuka majini) na mita ya pH (kipimo cha uchachu wa maji) kabla ya kununua hata bomba moja. Saladi hupenda mchanganyiko wenye EC ya 1.2 hadi 1.8 na pH ya 5.5 hadi 6.5. Visima vingi vya Pwani vina chumvi, na ikiwa maji yako yanasoma 1.0 kabla hujaweka chochote, nafasi iliyobaki kwa virutubisho ni ndogo mno. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri ni bora zaidi. Virutubisho vyenyewe huuzwa katika sehemu mbili, A na B, na usivichanganye vikiwa vikali, kwa maana kalsiamu naitreti ikikutana na salfeti na fosfeti hugandamana na kuwa unga mweupe chini ya ndoo ambao mmea hauwezi kuunywa. Tia A kwenye tangi lililojaa maji, koroga, ndipo utie B.

Kwa kujifunza, huhitaji mabomba wala pampu. Iko njia iliyoelezwa na Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii: ndoo yenye mfuniko, maji ya virutubisho, na mche ulioning'inizwa kwenye tundu. Kadiri maji yanavyopungua, mizizi ya juu hubaki ndani ya hewa na kupumua, na ndoo hiyo haiguswi hadi mavuno.

Mswahili wa Ghuba (Dubai)

Ndugu wa Sinza, naona watu wengi wanachanganya kulima bila udongo na kulima bila jua. Wazo la mashamba ya ghorofa lilipata umaarufu kupitia Profesa Dickson Despommier wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, aliyelianzisha na wanafunzi wake mwaka 1999, katika mji ambao miezi kadhaa ya mwaka haukalimiki. Huku kwetu joto la kiangazi hupita nyuzi 40, mboga nyingi huletwa kwa ndege na meli, na maji mengi ya mjini ni ya bahari yaliyoondolewa chumvi. Ndipo Bustanica, shamba la ndani lililofunguliwa mwaka 2022 karibu na uwanja wa ndege wa Al Maktoum likiwa na uwezo wa kutoa zaidi ya kilo milioni moja za mboga za majani kwa mwaka, likapata maana. Tena lina mteja wa uhakika, kwa kuwa sehemu ya mavuno huliwa ndani ya ndege za Emirates. Lakini Marekani, kati ya kampuni za mashamba kama hayo, AeroFarms walikimbilia ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai Juni 2023, na Bowery Farming wakafunga kabisa Novemba 2024, licha ya mitaji ya mamilioni ya dola.

Wewe uko kwenye jua ambalo kwa siku humwagia saladi mwanga zaidi ya maradufu ya ule inaouhitaji. Kwa maoni yangu, toa mabomba nje na uache stoo kwa kazi ndogo.

Mkazi wa Ghorofani (Dar es Salaam)

Nawashukuru sana. Nimeazima mita, na kisima chetu kimesoma EC ya 1.4, kwa hiyo nitategemea tangi la maji ya mvua. Mwenye nyumba ameniruhusu kutumia sehemu ya paa la zege. Stoo nitaiwekea ngazi mbili tu za taa, kwa ajili ya miche na zile mboga changa zinazovunwa baada ya siku saba hadi kumi na nne, ambazo mmoja wa migahawa umeshaziulizia. Je, kwenye paa maji hayatachemka?

Bi Shamba (Nairobi)

Yatapata joto usipoyakinga. Funika kwa neti ya kivuli ya asilimia 30 hadi 50, na tangi liweke upande wa ukuta usiopigwa na jua la alasiri. Mabomba na tangi vipake rangi nyeusi kwanza ili mwanga usipenye na kuotesha mwani, kisha nyeupe juu yake ili virudishe joto. Mrehani utastahimili vizuri. Kwa saladi, chagua aina za majani yasiyofunga, na uvune mapema kabla haijatoa shina la maua, kwa maana ikishalitoa huwa chungu na mgahawa hautaipokea.