Tailizi za poselini zina utando mweupe na zinanata, naombeni ushauri

Mama Nasra (Gungu, Kigoma)
Habari zenu wanajamvi. Tumehamia kwetu mwezi wa nne, nyumba tumeijenga kidogokidogo miaka sita. Sebuleni tuliweka tailizi za poselini zile za kung'aa, rangi ya krimu, 60 kwa 60. Dukani ulikuwa unajiona sura. Sasa hivi nikideki zinapendeza zikiwa mbichi tu. Zikikauka unatokea utando kama maji yaliyooshewa mchele, na ukipita peku sakafu inanata, nyayo zinabaki.

Nadeki asubuhi na jioni. Nakwangua sabuni ya mche ya mawese kwenye ndoo, naongeza ya unga ipate povu. Jikoni kuna doa la mawese, dumu lilivuja usiku kucha, na grauti, ile saruji ya kwenye mistari kati ya tailizi, imekuwa ya kahawia. Jirani ananiambia nimwage maji ya betri. Mume wangu kasema tuulize kwanza. Naombeni msaada, roho inaniuma kila nikiingia ndani.

Bint Ujiji
Pole mama. Usimwage maji ya betri, tafadhali, subiri mafundi waje. Kwangu tatizo lilikuwa sabuni kuzidi.

Kaka wa Mwandiga
Mimi huweka mafuta ya taa kidogo kwenye maji ya kudekia. Zinang'aa vizuri.

Fundi Mwanga
Kaka, hapana. Poselini inachomwa kwenye joto la nyuzi 1200 hivi, hainywi maji hata asilimia 0.5 ya uzito wake. Mafuta ya taa hayana pa kuingia, yanabaki juu, yanakamata vumbi, na jiko likiwa karibu ni hatari. Nta za kung'arishia nazo ni hivyohivyo.

Mama Nasra, utando huo una asili mbili: ama saruji ya grauti ambayo fundi hakuifuta vizuri, ama sabuni. Pima hivi. Chagua tailizi moja iliyojificha, nyuma ya kochi. Mwagia maji matupu, usitie chochote, sugua kwa brashi laini ya nguo. Likitoka povu, hiyo ni sabuni yako ya siku zote imelala pale. Lisipotoka, na ukikwaruza kwa ukucha unapata unga mweupe, ni saruji.

Maji ya betri ni asidi ya salfa. Grauti ni saruji, asidi inaila, miezi michache utaona mistari imebomoka na maji yanaingia chini. Na nawaomba wote mnaosoma: asidi ya aina yoyote, hata ya kuoshea choo, isikutane na Jik. Inatoa gesi ya klorini, na bafu letu la dirisha dogo si mahali pa kuivuta.

Mwalimu wa Kemia
Nakubaliana na fundi, naongeza sababu. Maji ya bomba hapa mjini yanatoka ziwani, na Ziwa Tanganyika ni la kialkali, yaani kinyume cha asidi, pH (kipimo chake) inakaribia 9 wakati maji ya kawaida ni 7, lina magnesiamu nyingi. Sabuni ya mche ikikutana na magnesiamu inaganda, haiyeyuki tena. Ndiyo ule ukoko mweupe unaozunguka beseni la kufulia. Dada, umekuwa ukiupaka sebuleni mara mbili kwa siku. Sabuni yetu ya mawese ni nzuri sana kwa nguo, ila sakafu inayong'aa haiiwezi.

Mama Nasra
Mwalimu, fundi, ahsanteni sana. Nimesogeza kochi sasa hivi. Povu limetoka! Maji matupu, na povu limejaa mkononi. Nifanyeje sasa?

Fundi Mwanga
Fagia kwanza, usiruke hapo. Vumbi letu jekundu lina mchanga, ukilikokota na dekio unaikwaruza ile ng'aro. Kisha siki nyeupe, kikombe kimoja cha chai kwa lita 5 za maji ya uvuguvugu. Osha sehemu ndogo, sugua, suuza upesi kwa maji safi. Siki nayo ikikaa inadhoofisha grauti. Malizia na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kijiko kimoja tu kwenye ndoo ya lita 10, suuza tena, futa kwa kitambaa kikavu. Huenda ukarudia mara mbili au tatu, ukoko wa miezi hauondoki siku moja. Stiliwaya usiguse, vipande vyake vinabaki na kushika kutu. Mlangoni weka mazulia mawili, la nje na la ndani.

Bint Ujiji
Doa la mawese: maji ya moto na sabuni ya vyombo kwanza, mafuta yatoke. Rangi ikibaki kwenye grauti, koroga magadi soda ya kupikia na maji iwe uji mzito, paka, acha nusu saa, sugua kwa mswaki mkuukuu. Kama jua linafika hapo, fungua pazia. Rangi ya mawese inapauka juani, ndiyo maana nguo yenye doa tunaianika.

Mama Nasra
Mrejesho. Nimeosha tailizi nne za mlangoni, mara mbili. Zimekauka na nimemwona Nasra kivuli chake humo, akaanza kujichekea. Nimepita peku, hazinati. Jikoni nimeshapaka magadi, doa limebaki hafifu, kama rangi ya chai. Kesho namalizia sebule nzima, siki nimeagiza chupa mbili.

Fundi Mwanga
Grauti ikikauka kabisa, siku mbili tatu, paka dawa ya kuziba grauti kabla mawese hayajamwagika tena.