Kwa nini seli ya mmea ina mitokondria ilhali tayari ina kloroplasti?

Mtahiniwa:
Habari zenu. Vitabu vyangu vinaeleza kwamba kloroplasti hunasa nishati ya mwanga na kutengeneza chakula cha mmea, na kwamba mitokondria huipatia seli nishati. Ikiwa mmea umekwisha kupata nishati kutoka kwenye mwanga, mitokondria ina kazi gani tena? Mwenzangu anashikilia kwamba mitokondria ni ya seli za wanyama peke yake.

Mwalimu wa Baiolojia:
Mwenzako hayuko sahihi, ingawa simshangai, kwa kuwa michoro mingi hukuza kloroplasti na kuiacha mitokondria. Kloroplasti hutumia mwanga kutengeneza sukari kutokana na kabonidayoksaidi na maji, lakini sukari hiyo ni akiba tu, na seli haiwezi kuendeshea shughuli zake moja kwa moja. Huanza kuvunjwa katika saitoplazimu (ute unaojaza seli), kisha mitokondria humalizia kazi hiyo kwa kutumia oksijeni, na hapo ndipo hupatikana sehemu kubwa ya ATP, yaani molekuli inayobeba nishati ndani ya seli, inayotumika kujenga protini na kusukuma madini kupitia utando wa seli. Usiku kloroplasti hazitengenezi sukari, lakini upumuaji wa seli, yaani huko kuvunja sukari ili kupata nishati, hausimami.

Hadubini:
Naomba kuongezea kwamba si kila seli ya mmea ina kloroplasti. Bandua ngozi nyembamba ya ndani ya kitunguu, uidondoshee ayodini, kisha uitazame kwa hadubini: utaona kuta za selulosi zimepangika kama matofali, na katika kila seli kiini kilichosukumwa pembeni na vakuoli kubwa (mfuko wenye majimaji), wala hutaona kloroplasti hata moja. Seli hizo, sawa na zile za mizizi, hutegemea sukari iliyotengenezwa kwenye majani, na huitumia kwa msaada wa mitokondria zake. (Mitokondria zenyewe usizitafute hapo, maana ni ndogo mno na ayodini haizidhihirishi.)

Mtahiniwa:
Nashukuru sana. Je, ninaweza kuandika kwamba kila seli ya mnyama ina mitokondria?

Mwalimu wa Baiolojia:
Neno «kila» liondoe. Seli nyekundu za damu za mamalia, binadamu akiwemo, zinapokomaa hupoteza kiini na mitokondria pia, na nafasi hiyo hujaa hemoglobini, protini inayobeba oksijeni. Kwa hiyo seli ambayo kazi yake ni kubeba oksijeni hujipatia nishati kwa kuvunja glukosi bila kuitumia oksijeni hiyo. Seli za misuli ya moyo, kinyume chake, zimesheheni mitokondria kwa sababu hazina mapumziko. Mtihani kwa kawaida hudai seli ya jumla, hivyo chora mitokondria katika seli zote mbili, na kloroplasti, ukuta wa seli na vakuoli kubwa ya kati uviweke katika ile ya mmea tu.