Mdogo wangu anacheza Ligi Kuu ya Wanawake, maneno ya mashabiki yanataka kumtoa mpirani. Nimshauri vipi?

Kaka Mkubwa Tanga

Wakuu habari za muda huu. Naombeni ushauri, hasa nyie mnaofuatilia soka la wanawake au mna ndugu zenu wanaocheza.

Nina mdogo wangu wa kike ana miaka 19, beki wa kati, yuko timu moja ya Ligi Kuu ya Wanawake hapo Dar, timu siitaji. Mpira kaanza huku Tanga akiwa shule ya msingi anachanganyika na wavulana, kapita UMITASHUMTA, kapita UMISSETA (michezo ya shule za msingi na sekondari), huko ndo wakamuona wakamchukua. Form six kamaliza, matokeo siyo mabaya, chuo anapata akitaka.

Sasa msimu huu kwenye mechi na timu kubwa alimuangusha straika ndani ya boksi, ikatoka penati, wakafungwa. Klipu ikawekwa Instagram na ukurasa mmoja una wafuasi kibao. Mimi nilitegemea nikute watu wanasema beki kachelewa, kaingia na mguu usio wake, hapo sawa ndo mpira wenyewe. Wakuu, nimeshuka na zile komenti mpaka nikachoka, ya penati ziko chache za kuhesabu, zilizobaki zote ni "huyu dume", "apimwe huyu", "cheki miguu", "nani ataoa hii kitu", kuna mtu kakuza picha yake kifuani akazungushia duara jekundu. Watu wazima hao, ukifungua profaili unakuta picha za watoto wao wa kike wamevaa yunifomu. Na wanawake wenzake wamo.

Shangazi akamtumia mama skrinishoti WhatsApp, hapo ndo moto ukawaka. Mama anasema arudi nyumbani aende chuo, mjomba anasema alikataza toka mwanzo, ataolewa na nani. Mwenyewe mazoezini anaenda ila hali vizuri, na juzi kaniambia neno ambalo sijapata jibu lake: "Kaka, nikicheza vizuri wananisifu eti nacheza kama mwanaume, nikikosea wananitukana eti ni mwanaume, sasa mimi nicheze vipi?"

La pili, kuna jamaa kamfuata DM anajiita wakala, anasema atampeleka Uturuki kwa majaribio, huko nje hakuna matusi ya kishamba, ila atoe kwanza milioni 3 na laki 2 ya viza na "kufungua faili". Dogo anataka nimchangie nusu, anavyoongea unaona kabisa anataka kukimbia tu.

Nimtetee kwa mama abaki, au niache arudi? Na huyu wakala mnamuonaje?

Mzawa Halisi

Pole mkuu ila ukweli usemwe. Mpira wa wanawake wetu bado uko chini, vijana wa mtaani U17 wanawafunga, pesa yenyewe hakuna, halafu ukicheza mbele za watu ukubali watu waseme. Hata wanaume wanatukanwa kila siku. Arudi chuo, mpira wa kike hapa kwetu haulipi.

Mama Wawili Ubungo

@Mzawa Halisi wanaume wanatukanwa, ni kweli, mimi mume wangu Yanga najua yanayosemwa sebuleni kwangu. Ila nitajie beki mmoja wa kiume aliyesababisha penati watu wakaanza kujadili ataolewa na nani au wakakuza picha ya kifua chake. Anaambiwa kachoka, auzwe, basi, kesho yake anasamehewa akifunga. Huyu binti komenti hazikugusa hata alichokosea.

Na hilo la kusema wako chini, Serengeti Girls, timu yetu ya taifa ya mabinti wa U17, walienda Kombe la Dunia India 2022, wakafungwa nne na Japan mechi ya kwanza, watu wakacheka humu humu, wakarudi wakamfunga Ufaransa 2-1, wakatoka 1-1 na Canada, wakaingia robo fainali. Mabinti wa miaka 16, 17. Nitajie timu yetu nyingine iliyofika robo fainali ya Kombe la Dunia la FIFA.

Mzawa Halisi

Hapo umenishika dada, ya India nilikuwa nimeisahau. Ila ya pesa nasimama nayo.

Winga wa Zamani

Kaka wa Tanga, mimi nimecheza, sasa hivi nafundisha mabinti shuleni, nitakuandikia kirefu kidogo unisamehe.

Wakati wetu hata hizo Instagram hazikuwepo ila maneno yalikuwepo, tulikuwa tunayasikia nyuma ya goli kwa sauti, na ukipanda daladala na begi la viatu konda anakuuliza wewe dada au kaka. Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake, ilipofuzu AFCON ya wanawake 2010 kule Afrika Kusini ilikuwa mara ya kwanza kwa nchi, lakini mtaani swali letu lilikuwa lile lile la kuolewa. Na msidhani ni watu wa mtaani tu, Agosti 2021 suala la vifua vya wachezaji wa kike lilisikika mpaka kwenye hotuba ya Rais pale Ikulu, nchi nzima ikabishana. Kwenye hotuba ile ile kulikuwa na jambo lingine ambalo watu hawakulibeba, kwamba miguu ikichoka hawa mabinti wataishi vipi. Kwangu hilo ndo la kukaa nalo na mama yenu. La kifua mwacheni Mungu na kazi yake.

Sasa mdogo wako. Kwanza simu. Siku ya mechi na siku mbili zinazofuata akaunti yake ashike mtu mwingine, wewe au mwenzake wa kambini, afute matusi, azuie watu, aripoti. Usimwambie "usijali" maana atajali tu, wewe mwondolee asiyaone. Pili, amtafute kocha wa mabeki waangalie ile klipu wawili, bila komenti, dakika kumi zinatosha. Mimi kwa macho ya mbali najua beki wa miaka 19 akimuangusha mtu kwenye boksi mara nyingi kosa limeanza nyuma, alikuwa amesimama mraba, kifua chote kimemwelekea straika, straika akamgeuza, akabaki anafukuza. Hilo linarekebishika mazoezini kwa kusimama nusu upande na kumsukumia straika pembeni. Akishajua kosa lake lina jina, atalala. Kinachomtesa sasa hivi ni kwamba ameambiwa kosa ni mwili wake, na mwili hauendi mazoezini kubadilishwa.

Tatu, asiache mpira ndani ya wiki hii. Akitaka kuacha, aache msimu ukiisha, kichwa kikiwa kimetulia. Nimeona wenzangu walioacha kwa hasira, wanaumia mpaka leo wakiona mechi.

Shabiki wa Vihiga

Niko Kenya huku magharibi, hii maneno naijua vizuri. Huku kwetu wasichana wa Vihiga Queens walicheza Ligi ya Mabingwa ya CAF ile ya kwanza kabisa 2021, Junior Starlets, timu yetu ya taifa ya wasichana U17, nao wakaenda Kombe la Dunia la U17 2024 kule Jamhuri ya Dominika na wakapiga Mexico 2-1, lakini ukiweka picha yao mtu wa kwanza atauliza kama ni wasichana kweli.

Mwambie mdogo wako asome habari ya Barbra Banda wa Zambia. WAFCON 2022, yaani AFCON ya wanawake, alizuiwa kucheza kwa sababu ya masharti ya homoni, akakaa nje akiangalia wenzake. 2024 Orlando Pride, timu ya Marekani, wakamnunua kutoka China karibu dola 740,000, mwaka huo huo akafunga goli pekee la fainali, wakachukua ubingwa wa Marekani. BBC ikampa tuzo ya mchezaji bora wa kike wa mwaka, na hapo ndo matusi yakaongezeka tena kutoka kwa watu ambao hawajawahi kumuona akicheza hata mechi moja. Machi 2025 mtu akamtukana uwanjani kabisa kwenye mechi na Gotham, ligi na chama cha wachezaji wakatoka hadharani kulaani.

Kwa hivyo huyo wakala anayesema huko nje hakuna matusi anadanganya. Tofauti ni kwamba kule kuna mtu anasimama upande wa mchezaji. Hiyo timu ya mdogo wako imesema kitu? Imetoa hata posti moja?

Kaka Mkubwa Tanga

Hapana mkuu, kimya. Walichofanya ni kuzima komenti kwenye ukurasa wao.

Mzee wa Mikataba

Nakuja kwenye wakala maana hapo ndo mnaenda kupigwa.

Wakala wa kweli ana leseni ya FIFA, kafanya mtihani, na jina lake linatafutwa kwenye orodha iliyoko kwenye tovuti ya FIFA, bure, mtu yeyote anaangalia. Wakala analipwa asilimia mchezaji akishasaini, halipwi kabla ya safari. Majaribio yanakuja na barua ya mwaliko kutoka klabu yenyewe, na barua hiyo mnaihakikisha kwa kuandikia klabu kwenye anwani iliyoko kwenye tovuti yao, siyo ile namba aliyowapa yeye. Halafu mdogo wako ana mkataba hapo alipo, klabu ya nje ikimtaka inatakiwa iwaandikie kwanza klabu yake, labda mkataba uwe umebaki chini ya miezi 6. Huyu jamaa amegusa hata kimoja hapo?

Mwambie dogo amuulize namba ya leseni tu. Neno moja.

Na wanaosema haulipi, mimi sisemi unalipa wote, wengi hapa ndani wanaishi kwa posho na hilo lazima mama aambiwe bila kufichwa. Ila njia ipo na inaonekana. Aisha Masaka alitoka Yanga Princess akaenda Häcken ya Sweden 2022, kutoka hapo Brighton ya Uingereza 2024. Clara Luvanga naye katoka Yanga Princess, kapita Hispania, 2023 akatua Al Nassr ya Saudia. Opa Clement kacheza Simba Queens kisha Beşiktaş, hiyo hiyo Uturuki mnayoambiwa mtoe milioni 3. Julietha Singano ni beki kama mdogo wako, alienda Mexico kucheza FC Juárez 2022. Walionekana kwenye mechi, mashindano ya CECAFA, Ligi ya Mabingwa, timu ya taifa. Akibaki anacheza kila wiki ndo yuko njiani, akienda kukaa geto Istanbul anasubiri majaribio ndo katoka njiani.

Mama Wawili Ubungo

Kwa mjomba na ya kuolewa naomba niongeze. Toka 2021 FIFA imeweka kanuni, mchezaji akipata ujauzito ana likizo ya angalau wiki 14 na analipwa si chini ya theluthi mbili ya mshahara, na klabu hairuhusiwi kumvunjia mkataba kwa sababu hiyo. Yule Sara Björk Gunnarsdóttir wa Iceland aliidai Lyon mshahara wake wa kipindi cha ujauzito, akashinda, klabu ikaamriwa imlipe zaidi ya euro elfu 80. Kwa hiyo kuolewa na kuzaa siyo mwisho wa mpira, mjomba aambiwe taratibu kwa heshima zote. Na mume anayechagua mke kwa kusoma komenti za Instagram huyo mimi binti yangu simpi.

Winga wa Zamani

Na kuhusu chuo, mama yenu hajakosea, amekosea kuviweka vitu viwili vigombane. Kuna Chuo Kikuu Huria, anasoma huku anacheza, mitihani anapanga. Kuna kozi za ukocha za CAF, aanze na leseni D akiwa bado anacheza. Kuna urefa pia, Jonesia Rukyaa wa Kagera alipewa filimbi Simba na Yanga 2016, uwanja umejaa wanaume na wote walisimama aliposema simama. Mpelekee mama mpango wenye chuo ndani yake uone kama atakataa.

Kaka Mkubwa Tanga

Wakuu nawashukuru sana, nimewasomea wote wawili kwa simu, mama na dogo.

Wakala kaulizwa namba ya leseni, kajibu "hizo ni taratibu za ndani", kaulizwa tena, kablock. Dogo kalia kidogo ila nadhani kilio kilikuwa cha mambo mengi. Akaunti yake ninayo mimi toka jana usiku, nimefuta na kuzuia watu mpaka mkono umechoka, na nimekuta meseji za mabinti wadogo wanamuuliza anafanyaje mazoezi ya nguvu, hizo nimemwachia.

Mama kakubali msimu uishe kwa sharti la fomu ya chuo ijazwe dirisha likifunguliwa. Mjomba bado.

Kitu kimoja kimenishtua, nilipomuuliza mkataba wake unaisha lini kasema hajui, alisaini wakachukua karatasi, nakala hana. Na posho ya miezi miwili hajapata.

Mzee wa Mikataba

Hana nakala? Basi uanzie hapo, mengine yote yasubiri. Kesho aandike barua kwa katibu wa klabu, fupi, anaomba nakala ya mkataba wake, apeleke mbili, moja wamgongee muhuri na tarehe abaki nayo. Kama kwenye mkataba ni mshahara na ni miezi miwili kweli haujalipwa, kanuni za FIFA zinampa haki ya kuwaandikia rasmi na kuwapa siku 15 walipe, wasipolipa anaweza kuondoka kwa sababu halali. Wakikataa hata kutoa nakala, TFF wana kamati ya hadhi za wachezaji, malalamiko yanapokelewa kwa maandishi. Asigome mazoezi wakati anadai, wasije wakapata cha kumshikia.

Ukishaipata hiyo nakala funika majina uiweke hapa, tutaisoma wote.