Kwenda Berlin kuwatembelea marafiki wikendi ya Pentekoste: nauli, ugeni na watoto

Ndugu zangu wa jumuiya,

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za siku nyingi. Dada yetu wa Köln ameuliza namna ya kuwapeleka watoto Berlin kwa siku za mapumziko ya Pentekoste, wafikie kwa marafiki aliosoma nao Morogoro, bila akiba yake kuishia njiani na bila kuwachosha wenyeji. Nitajibu kwa urefu, kwa sababu sisi wa Bonn tumeizoea safari hiyo, na kwa sababu naamini kwa dhati kwamba watoto wanaokulia huku bila shangazi wala mjomba wa karibu wanahitaji nyumba ya pili ambamo wanaweza kufungua friji bila kuomba ruhusa. Nyumba ya namna hiyo haijengwi kwa simu peke yake. Inajengwa kwa kulala kwao, kula nao na kuosha vyombo vyao.

Nianze na kalenda, kwa kuwa wengi hununua tiketi kabla ya kuitazama. Sikukuu za Ujerumani hazifanani katika majimbo yote. Ijumaa Kuu, Jumatatu ya Pasaka, Kupaa kwa Bwana na Jumatatu ya Pentekoste ni mapumziko nchi nzima, kwa hiyo siku hizo mgeni na mwenyeji wote wako huru. Lakini Alhamisi ya Mwili na Damu ya Kristo, ambayo huku kwetu Nordrhein-Westfalen ni sikukuu na huwapa wengi nafasi ya kuunganisha siku nne kwa kuomba ruhusa ya Ijumaa tu, kule Berlin ni siku ya kazi kama nyingine: utafika ukute mama mwenye nyumba yuko zamu hospitalini na watoto wake wako shuleni. Vivyo hivyo tarehe 8 Machi imekuwa sikukuu Berlin tangu 2019, huku kwetu ikiwa ni siku ya kwenda kazini. Ulizeni kwanza, "Je, nanyi mna mapumziko siku hiyo?", kisha ndipo mtafute treni.

Kuhusu nauli, dada, kama una Deutschlandticket usidhani kwamba imekwisha kukufikisha. Tiketi hiyo, iliyoanza Mei 2023 kwa euro 49 kwa mwezi na tangu Januari 2026 ni euro 63, inakuruhusu kupanda treni za mikoa na usafiri wa mijini nchi nzima, ila haifai kwa treni za mwendo kasi. Kwa treni za mikoa utabadilisha mara kadhaa njiani, na safari itakula karibu siku nzima. Mwanafunzi mwenye begi moja anaweza kuimudu, tena kwa furaha. Mama mwenye watoto wawili na kigari cha mtoto simshauri, maana atafika Ijumaa usiku amechoka na ataanza kurudi Jumatatu asubuhi kabla hata ya kupumzika, na katikati yake kutakuwa na ziara ya kuhesabu saa. Faida ya tiketi hiyo utaiona mkishafika, kwa sababu itakuzungusha Berlin yote bila kuongeza senti.

Treni ya mwendo kasi kutoka Köln, isipopitishwa njia ya mzunguko kwa ajili ya matengenezo ya reli, huchukua saa nne na nusu hivi. Tiketi za bei nafuu huisha mapema sana kwa wikendi ya Pentekoste, kwa sababu siku hizo hizo Berlin huwa na gwaride kubwa la Karneval der Kulturen linalovuta watu kutoka kila upande, basi anayengoja wiki ya mwisho hulipa bei ya kuumiza. Watoto walio chini ya miaka 6 hawahitaji tiketi. Wa miaka 6 hadi 14 husafiri bure pamoja na mzazi, lakini lazima waandikwe katika tiketi yako wakati wa kununua. Jambo ambalo wengi hawajalisikia ni kwamba tangu Juni 2025 bei ya pamoja ya kuhifadhi viti vya familia imeondolewa, kwa hiyo kila kiti hulipiwa peke yake. Inauma, lakini lipeni. Kusimama na watoto karibu na mlango wa choo kutoka Dortmund hadi Berlin, katika behewa lililojaa watu wa sikukuu, ni adhabu ambayo hakuna mtoto anayestahili.

Tiketi ya bei nafuu inakufunga kwa treni moja tu uliyoichagua. Hata hivyo, ikionekana kwamba mtachelewa kufika kwa dakika 20 au zaidi, kifungo hicho huondoka na mnaweza kupanda treni nyingine. Mkichelewa dakika 60 mna haki ya kurudishiwa asilimia 25 ya nauli ya safari hiyo, na mkichelewa dakika 120 ni asilimia 50. Nasikitika kuona jinsi ndugu zetu wanavyoziacha fedha hizi kwa kuona haya au kwa kuogopa fomu za Kijerumani. Ni haki yenu. Fomu inajazwa kwa muda mfupi, ila ipelekwe ndani ya miezi mitatu.

Kuna jambo la nyaraka ambalo halikuulizwa, lakini ujumbe huu unasomwa na watu wa hali mbalimbali. Polisi wa shirikisho hukagua watu ndani ya treni na vituoni, kwa hiyo chukueni pasipoti pamoja na kadi ya kibali cha ukaazi, si picha katika simu. Aliyeomba hifadhi na ambaye bado anatakiwa kuishi katika kituo cha mapokezi asitoke nje ya eneo alilopangiwa bila ruhusa ya maandishi, hata kama marafiki ni wa damu na sikukuu ni ya siku nne. Aombe mapema, aeleze anakwenda kwa nani na atarudi lini.

Sasa nije kwenye ugeni wenyewe, maana hapo ndipo urafiki mwingi huumia kimyakimya. Nyumbani mgeni alifika bila taarifa, akaongezewa kikombe cha maji katika mchuzi, na chumba cha wavulana kikamtosha. Huku rafiki yako anaishi katika vyumba viwili vya kupanga, anafanya kazi za zamu, na bajeti yake ya chakula imepigiwa hesabu hadi mwisho wa mwezi. Hatakuambia, kwa sababu amelelewa vizuri. Kwa hiyo ni wajibu wa mgeni kuyasema yale ambayo mwenyeji hawezi kuyasema. Mwambie mapema mko wangapi hasa, na usimwongeze binamu dakika ya mwisho. Mwambie saa ya kufika, siku ya kuondoka, na kama kuna mtoto asiyekula karanga au maziwa. Bebeni mashuka yenu na kanga za kujifunikia, ili mama mwenye nyumba asibaki Jumanne akifua mzigo wa watu wanne kabla ya kwenda kazini.

Mkono mtupu haulambwi, lakini pia mkono uliojaa chokoleti za kituo cha treni haumsaidii mtu. Pelekeni kitu kitakachoingia jikoni: unga wa sembe, dagaa waliofungwa vizuri ili behewa lisilalamike, iliki, binzari ya pilau, au chapati mlizozipika na kuzigandisha. Fedha taslimu msimpe mwenyeji mkononi, kwa maana wengi wetu huona kama tumelipishwa kitanda. Njia ya heshima ni kwenda naye dukani Jumamosi na kuwahi kutoa kadi ninyi kabla hajafungua pochi. Na iwe Jumamosi kweli, kwa sababu Jumapili na Jumatatu ya Pentekoste maduka yamefungwa, na familia mbili zenye watoto hazivuki siku mbili kwa mkate mmoja.

Nakutakia safari njema, dada, na wenzetu wa Berlin waniongezee nilipopungukiwa.

Nduguyenu wa Bonn

Jibu kutoka Berlin

Ndugu yetu wa Bonn, asante sana kwa maelezo mazuri. Naandika kama mwenyeji, kwa sababu nyumba yetu iliyopo mtaa wa Wedding hupokea wageni karibu kila sikukuu, na ningependa dada wa Köln ajue kwamba tunawasubiri wageni hawa kwa hamu. Mgeni njoo mwenyeji apone: mwanangu hapati Kiswahili cha kutosha kwangu mimi peke yangu, lakini akilala chumba kimoja na watoto wa rafiki zetu kwa siku tatu, anaamka akigombana nao kwa Kiswahili. Hilo kwangu lina thamani kuliko zawadi yoyote. Tafadhali wageni wasiwaruhusu watoto wao kuhamia Kijerumani siku ya kwanza kwa kuwa ni rahisi.

Kuhusu majirani, msiwe na hofu kubwa. Mpangaji ana haki ya kupokea wageni kwa siku chache bila kumwomba ruhusa mwenye nyumba. Kinachotakiwa ni utulivu kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na Jumapili na sikukuu kutopiga kelele za kazi, kwa mfano kutoboa ukuta au kutwanga kisamvu kwenye kinu juu ya kichwa cha mzee wa ghorofa ya chini. Sisi tunapopata wageni tunamgongea jirani huyo Ijumaa, tunamjulisha kwamba watoto watakuwa wanne badala ya mmoja, na tunampelekea sahani ya mandazi. Tangu tuanze kufanya hivyo hajawahi kulalamika, na sasa yeye ndiye anayeuliza wageni watakuja lini.

Kama mmesahau kitu dukani, maduka ya ndani ya kituo kikuu cha treni cha Berlin hufunguliwa hata Jumapili, ingawa foleni yake siku za Pentekoste ni ndefu sana. Ndizi za kupika, mihogo na bamia mtavipata katika maduka ya bidhaa za Kiafrika huku Wedding, lakini hayo nayo mwisho wake ni Jumamosi.

Nawasihi msizijaze siku hizi chache kwa kutembea. Nimepokea wageni waliotaka kuona kila mnara wa jiji, tukakutana nao usiku tu, wote wamechoka. Chagueni matembezi ya siku moja, na kama mna watoto wa Kitanzania napendekeza kwa moyo wote njia moja ya treni ya chini ya ardhi, U6. Shukeni kituo cha Naturkundemuseum, muingie Jumba la Makumbusho ya Viumbe. Katika ukumbi mkubwa amesimama dinosaria mwenye kimo cha mita 13.27, na mifupa yake ilichimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya 1909 na 1913. Waambieni watoto kile ambacho macho hayawezi kukiona pale: kwamba wachimbaji walikuwa babu zetu, mamia kwa mamia, chini ya usimamizi wa watu kama Boheti bin Amrani, na kwamba mifupa hiyo ilibebwa vichwani na mabegani kwa mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Uchimbaji ulianza miaka miwili tu baada ya Vita vya Maji Maji, katika nchi ya kusini iliyokuwa bado na njaa na makaburi mapya. Mtoto wa miaka 9 anayaelewa haya akielezwa taratibu, na kwa maoni yangu anastahili kuelezwa na wazazi wake kabla hajayasikia kwa mwingine. Nunueni tiketi za kuingia mapema kwenye tovuti ya jumba hilo, na mthibitishe saa, kwa kuwa Jumatatu za kawaida hufungwa.

Kisha pandeni tena U6 kuelekea kaskazini hadi Rehberge. Mtakuwa katika mtaa ambao barabara zake zilianza kupewa majina ya Afrika mwaka 1899, wakati wa ukoloni, na mtaikuta hata Sansibarstraße. Barabara iliyopewa jina la mkoloni Carl Peters zamani za Wanazi, yule ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu, tangu Agosti 2024 imegawanywa katika majina mawili: Anna-Mungunda-Allee, kwa heshima ya mwanamke wa Namibia aliyeuawa Windhoek mwaka 1959, na Maji-Maji-Allee. Wageni wetu wa Songea walisimama chini ya kibao hicho wakapiga picha na watoto, na baba yao akawasomea jina kwa sauti. Karibu na hapo kuna bustani kubwa ya Rehberge yenye majani na uwanja wa kuchezea, ambapo mnaweza kutandika mkeka na kufungua vyombo vya pilau bila kulipa chochote.

La mwisho ni siku ya kurudi. Jumatatu jioni treni za kuelekea Köln hujaa kupita kiasi, kwa hiyo dada akipata ya asubuhi au ya mchana aichukue, hata kama wenyeji watamsihi abaki hadi chakula cha jioni. Tutamfungia chakula hicho aende nacho. Kama rafiki zako wa Morogoro hawana nafasi ya kutosha, sisi tuna godoro la ziada sebuleni. Niandikieni mapema tu, ili nipange zamu zangu.